Mlango Unaosikiliza Moyo

Siku hizi mlango haukutoi nje kama moyo wako unakwenda mbio, wala aliye nje hawezi kukufungulia. Wamesema ni kwa usalama wa wote, asije mtu akaanguka barabarani akawatia wenzake kiwewe, na watu wamezoea. Mwatumu ndiye aliyeshindwa. Tangu hofu ilipomkaba sokoni mwaka juzi, kila akishika kitasa kifua humbana, viganja humlowa jasho, na mlango hukaa kimya.

Asubuhi ile mama yake alifariki, nyumba ya pili tu. Mwatumu alijifunga kanga, akakaa mkekani akivuta pumzi polepole kama alivyofundishwa.

"Dada, maji ya kumwoshea mama tayari," mdogo wake, Siwema, alimwambia kutoka nje. "Aliusia umwoshe wewe."

"Nakuja."

Alishika kitasa. Moyo ukaanza kutwanga. Alijua hofu haiui, kwamba hupanda kisha ikashuka, lakini safari hii ilipanda tu.

"Dada, maji yanapoa."

Mwatumu alirudi mkekani. "Mwosheni nyie. Siji."

Alipotamka hivyo tu, moyo ukatulia. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, na Siwema akamwona dada yake ameketi, uso mkavu.

"Si huo umefunguka," Siwema alisema, akimnyooshea mkono. "Inuka basi, twende."

Mwatumu aliutazama ule mkono, akaweka kiganja chini ainuke. Kabla magoti hayajanyooka, mlango ulianza kujifunga, na Siwema akauondoa mkono wake.