Jibu la Kwanza

Siku hizi kila anayemuuguza mwenye saratani huwekewa sauti ya msaada ukutani, kando ya kitanda. Hiyo ndiyo inayotuma muuguzi na dawa, na sheria yake ni moja tu: jibu la kwanza ndilo linalohesabiwa.

"Bi Zamoyoni, habari za mgonjwa?" iliuliza asubuhi.

"Nzuri, ila hajameza hata uji tangu juzi, na maumivu..."

"Tumefurahi kusikia ni nzuri. Tutaulizana kesho."

Ikanyamaza. Ilikuwa siku ya nne sasa ikimkatiza hivyo. Zamoyoni alijipiga paji la uso. Lakini nani kafunzwa kuanza na ubaya? Hata msibani watu huitikia "nzuri" kwanza, ndipo walie.

Mchana kutwa alijizoeza jikoni, akikoroga uji usio na mnywaji: "Mbaya. Mbaya. Mbaya sana." Mpaka ulimi ukazoea.

Kulipokucha, sauti ikauliza. Zamoyoni akafungua kinywa, na papo hapo Kibwana, mumewe, akafumbua macho. Alikuwa amekonda hata shuka halikuinuka juu yake, ila macho yalikuwa yale yale, yamemkazia, nayo yakisubiri jibu.

"Nzuri," alisema Zamoyoni, akamfunika miguu.