Kelele za Toleo Jipya

"Zima hiyo redio!" Obura alifoka. Felistas aliponyoosha mkono kuizima, Obura akamzuia. "Acha kwanza. Anataja namba. Nipigie hiyo namba."

Felistas alikuwa dada yake, mwenye kibanda cha gemu pale Nkende, Tarime. Redioni alikuwa Method, mtangazaji wa kipindi cha gemu cha kila Jumamosi, na tangu kipindi kianze alikuwa akilisifu toleo jipya la gemu la ngumi. "Picha zake, msikilizaji, utadhani filamu! Mpaka jasho unaliona likitiririka. Mwenye mashine ya zamani aitupe."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyowapandisha vijana mori. Walimsumbua Felistas mpaka akanunua mashine mpya, na ile ya zamani sasa ilikuwa imepata mteja wa Sirari. Obura hakuitaka hiyo mpya hata kidogo. Tangu aache kuchimba dhahabu Nyangoto, ile ya zamani ndiyo iliyomtoa nyumbani kila asubuhi, na Nkende nzima hapakuwa na aliyewahi kumshinda kwenye ngumi.

Simu ikapokelewa hewani.

"Mimi Obura, wa Nkende. Kila wiki mnasifu picha, picha, picha. Mmeshalisikiliza hilo gemu? Wameweka muziki juu ya kila kitu. Mtu anakuja kukupiga, hatua zake husikii. Teke na ngumi vina mlio mmoja. Na muziki wenyewe hauzimiki!"

Method akacheka. "Kaka, gemu ni la kutazama. Ukitaka kusikiliza, si ndiyo unatusikiliza sisi?"

Obura alihisi Tarime nzima ikimcheka. "Basi njoo Nkende ucheze na mimi. La zamani kwanza, halafu hilo lako."

"Nakuja!"

Alikuja kweli, Jumatano mchana. Kibanda kilijaa, wengine wakabaki wamesimama mlangoni. Wote walilijua sharti la pale: Obura akicheza, hakuna kuongea. Hata aliyekohoa alitolewa nje.

Method aliingia akisalimia kwa sauti ile ile ya redioni. Alipomfikia Obura, akanyamaza ghafla. Obura alikuwa pande la mtu, mikono ya kushika sururu, na kovu pana lililoshuka kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni. Alimnyooshea mgeni mkono, nao ukakaa hewani kitambo kabla ya kupokelewa.

"Mbona kimya? Redioni unaongea kama cherehani," Obura alisema.

"Ameogopa wachimbaji!" mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Method hakucheka. Alimwinamia Felistas, akamnong'oneza kwamba pengine waache tu, wapige stori. Obura akasikia.

"Kaa chini," akasema. "Shika pedi ya kuchezea."

Raundi ya kwanza Obura alishinda bila kutoa jasho. Badala ya kufurahi, akaibwaga pedi mapajani.

"Umeniachia. Vidole vyako havibonyezi kitu. Umekuja mpaka hapa kunidharau?"

"Hapana, kaka, mimi nili..."

"Basi nipige!"

Wakarudia. Safari hii Method alicheza kwa nguvu zote, amejiuma mdomo. Obura aliinamisha kichwa kama mtu anayesali. Alikwepa, akazuia, akaangusha. Method aliporuka, Obura alikuwa tayari anamsubiri pale atakapotua. Vijana wakazibana pumzi wasishangilie. Method alipigwa, na akapigwa tena.

Kisha Felistas akawasha mashine mpya. Ikakataa kuanza mpaka ipakue kwanza kitu mtandaoni, na bando lake likaliwa hivi hivi.

"Ya zamani unaweka CD unacheza," Obura alinung'unika. "Hii mpaka iombe ruhusa Ulaya."

Hatimaye muziki ukalipuka: ngoma, vinanda, makelele ya uwanja mzima. Mpiganaji wa Obura akapiga hewa. Akageuka, akapiga hewa tena. Method alimgusa mara chache tu, pambano likaisha. Walirudia, ikawa vile vile.

"Kwisha habari yake," kijana mmoja alisema mlangoni. "Mashine mpya imemshinda mzee."

Obura aliiweka pedi chini taratibu, taya zikimcheza. "Sasa umeelewa nilichokuambia?"

Method aliinuka. Aliaga kwa sauti ndogo, akaondoka.

"Wote ni wale wale," Obura alimwambia dada yake watu walipotawanyika. "Jumamosi atatangaza kwamba amenipiga. Picha, picha, picha. Wewe mpe mtu wako wa Sirari hiyo mashine ya zamani, yaishe."

Ijumaa Felistas alikuwa akiifuta vumbi mashine ya zamani, mteja akiwa njiani, simu ilipoita. Alikuwa Method. Felistas akaweka sauti ya nje.

"Kaka Obura," Method alisema kwa uchovu, "nimejifunga kitambaa machoni tangu asubuhi, nalicheza lile toleo jipya. Hata adui sijui yuko upande gani. Nimesikia ile ya zamani inauzwa; mwambie dada asiiuze. Kesho nayasema yote hewani."

Obura aliisogelea simu.

"Kifungue basi, mdogo wangu, usije ukajikwaa," akasema. "Mimi changu hakifunguki."