Kiti Kimoja, Kikombe Kimoja

Mume alikuwa amelala chali nyuma ya kochi, viatu vyake amevikumbatia kifuani, wakati mkewe akiwaambia watu elfu arobaini kwamba nyumba hii haijawahi kunusa soksi za mwanamume.

“Kiti kimoja, kikombe kimoja, amani,” mke akamalizia, akaipungia simu mkono, akaizima. “Haya, toka. Leo umepumua kama ng'ombe, nusura uniumbue.”

Mume akajikokota nje akijipangusa vumbi. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa kazi na usingizi, na hata taa ya kurekodia alimtengenezea mkewe kwa mikono yake.

Mtandaoni mke aliitwa Dada Mwenyewe. Ilianza kwa mzaha tu: mume alisafiri kikazi, mke akajirekodi akila kwa raha zake mbele ya televisheni, rimoti mkononi, na asubuhi akajikuta maarufu. Mume aliporudi, wafuasi walishazoea kiti kimoja. Ndipo alipotafutiwa nafasi nyuma ya kochi.

“Wanasemaje?” mume aliuliza.

Mke akapitisha macho. Mmoja alitaka kujua kikombe kimenunuliwa wapi, mwingine alikuwa anauza wigi, wa tatu alisema amechoka na mume wake, je, aondoke au avumilie? Wote aliwapa jibu moja, maana vidole vilishachoka: “Usisite, dada. Jipange.” Kisha akaingia jikoni kumpakulia mumewe chakula.

Mambo yalikuwa yanakaribia kuiva. Kampuni moja ya magodoro ilimtaka awe sura ya godoro lake jipya, la mtu mmoja, na mkataba ulikuwa wa kusainiwa Jumatatu. Mke aliutaka mkataba ule mpaka anauota. Alikuwa amechoka kusimama siku nzima kaunta, kwenye duka la watu, akimchekea kila anayeingia.

Ijumaa simu ya mume ikaita. Alikuwa mama yake.

“Kesho nakuja,” alisema, akakata.

Mke akashika kichwa. Mama mkwe alikuwa mtu wa upendo, tatizo mdomo wake haukuwa na breki. Akilijua jambo asubuhi, mchana ukoo mzima unalo, na jioni limefika kwa wasiohusika. Akigundua kwamba mkwewe anajitangaza hana mume, kampuni ya magodoro ingepata habari kabla bibi huyo hajamaliza chai.

“Mama ana kile kisimu cha vitufe,” mume alimtuliza. “Ataonea wapi?”

“Na akiingia akakuta humu ndani hamna hata dalili ya mume?”

Wakaanza kuhangaika. Kiti cha njano cha kurekodia kikafungiwa bafuni. Picha ya harusi ikatolewa chini ya kitanda, ikafutwa vumbi, ikatundikwa. Suruali za mume zikaanikwa dirishani, hata zile zilizokuwa kavu.

Jumamosi mchana mama mkwe akashuka kwenye teksi na mabegi matatu, mto wake wa kulalia na cherehani.

“Mama, cherehani ya nini tena?” mwanawe akauliza.

“Nimeona nisiiache.”

Akaingia, akaizungushia sebule macho. Akaisogelea picha ya harusi, akaikodolea, akaguna. “Na kile kiti cha njano kiko wapi?”

“Kimevunjika, Mama,” mume akawahi.

Jikoni mke akamvuta mumewe shati. “Kwani safari ile alipokuja tulikuwa nacho?”

“Sikumbuki,” mume akanong'ona.

Mezani mume akapitiliza. Mke wangu nipe maji, mke wangu sogea karibu, mke wangu hivi, mke wangu vile. Mama mkwe akaacha kula.

“Hivi ndivyo anavyokusumbua kila siku?” akamuuliza mkwewe.

“Hanisumbui, Mama. Tunapendana sana.”

Mama mkwe akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa. Akamshika mkono, akampeleka chumbani pamoja na mabegi yake, akafunga mlango.

Humo uvumilivu ukamwishia mke. Aliona aibu. Mwanamke huyu alilia kwa furaha siku ya harusi yao, na yeye alikuwa anamfuta mwanawe mbele ya ulimwengu mzima.

“Mama, nisamehe. Kuna jambo nalifanya kwenye simu...”

“Dada Mwenyewe,” mama mkwe akasema. Akatoa simu kwenye mkoba, kubwa kuliko ya mkwewe. “Sijakosa hata siku moja.”

“Hujakasirika?”

“Nikukasirikie kwa lipi?”

“Na hutamwambia mtu?”

“Mwalimu wangu nimchome? Sina ujinga huo.”

Mke akashusha pumzi. Mkataba umepona. Alitaka kumkumbatia, lakini mama mkwe alikuwa ameshafungua begi la kwanza, anatundika magauni yake kabatini, upande wa mwanawe.

“Nilikuuliza niondoke au nivumilie,” alisema bila kugeuka, “ukanijibu mwenyewe.”

Mama mkwe akatundika gauni la mwisho, akafungua mlango, akaita kwa sauti ya upole kabisa:

“Mwanangu, njoo ufungashe vyako, dereva nimemwambia asubiri. Baba yako yuko kule peke yake, hata jiko hajui kuwasha.”