Shibe ya Saa Tano

Kama wanandoa wote wa siku hizi, mimi na Baba Nasra tulipooana tuliwekewa kidude nyuma ya sikio, saa za miili yetu zikaunganishwa. Akisikia njaa, nami naisikia. Akishiba, nami nashiba. Kwa miaka tisa njaa yetu ilikuwa ikija saa saba mchana, anaporudi nyumbani kula.

Tangu mwezi uliopita, njaa inanibana saa tano. Niko jikoni nachambua mchele, mara tumbo linatulia polepole, kama la mtu anayelishwa na asiye na haraka. Mimi sijatia kitu mdomoni. Baba Nasra mwenyewe anadai kidude changu kimechakaa. Huyo mwanamke anayemlisha simjui, ila anajua kupika. Shibe yake haina hata kiungulia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Leo saa saba aliingia, akanawa mikono.

"Umekula huko?" nikamuuliza.

"Nile wapi, mke wangu? Nina njaa kweli kweli."

Tumbo langu lilikuwa limejaa pomoni. Nikampakulia wali wa nazi mpaka sahani ikafurika, nikaketi mbele yake.

Kila tonge alilomeza lilinishukia mimi pia. La kumi likanitoa jasho. Naye jasho lilimtiririka, lakini hakuthubutu kusema ameshiba.

"Mama Nasra," akasema kwa sauti ndogo, "unaumwa?"

"Siumwi," nikamjibu, nikashika upawa. "Una njaa, mume wangu. Kula."