Mwiko wa Kikao

Bi Mwanahawa aliuleta kazini mwiko ule, mweusi kwa moto wa jiko la mama yake, enzi zile waandishi wa programu aliowaongoza hawakuthubutu hata kwenda kula bila kumuuliza. Tangu hapo, kila asubuhi walisimama duara, na aliyeushika ndiye aliyesema.

Leo alikuwa anastaafu, na ndiyo siku programu yao ya kukokotoa dozi za dawa ilipaswa kuwashwa hospitalini. Mkurugenzi wa hospitali alishapiga simu mara tatu kuwahimiza.

"Mama, tuwashe?" waliuliza, macho yote kwake.

Mdomo ulimwasha kujibu, lakini akajizuia. Akampa mwiko mmoja wao, Kisanga, ambaye miaka yote alikuwa akiupokea, akisema "Sina la ziada," na kuupitisha.

Kisanga aliushika kwa mikono miwili. "Tusiwashe. Dozi za watoto inazizidisha mara mbili. Kosa ni langu."

Hakuna aliyemgombeza. "Nitakaa nawe tulirekebishe," alisema Tausi, jirani yake wa meza.

Simu ikalia tena. Mkono wa Bi Mwanahawa ulinyooka wenyewe, kama ilivyokuwa miaka yote, ukakuta Kisanga ameshaipokea, mwiko bado kaushika.