Kanga ya Mgongoni

Kila muhula ulipoanza, walimu wa chekechea walitiwa maarifa mapya kichwani kwa mashine katika kituo cha mafunzo, na yale yaliyopitwa na wakati yakatolewa. Mwalimu Siwema alitoka kituoni kichwa chepesi kama aliyenyolewa, akapitia sokoni kununua mchicha. Nyumbani alimkuta bintiye, Tunu, analia, amejikwaa kizingitini.

"Mama, nibebe," Tunu alisema, akimpa kanga ya mgongoni.

Siwema aliigeuza huku na huku, akijaribu kukumbuka hutumikaje. Mwishowe akaikunja vizuri, akaiweka kitini. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, kama inavyotakiwa siku hizi.

"Naona umeumia. Ungependa kunieleza unavyojisikia?"

Tunu alimtazama sana. Akafuta machozi, akasimama wima, akafunga mikono kifuani.

"Sijambo, mwalimu."