Sauti ya Mwanamume Kwenye Kanda

Kwa mara ya tatu wiki ile, Noeline Strachan alipanda ngazi za ofisi ya Matagouri ameukumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kaseti moja. Alikuwa ameificha miaka kumi na sita.

Jumatatu alikuta mlango umefungwa. Jumatano mashine ya kuchezea kanda ilikuwa mbovu. Leo ilikuwa Ijumaa, na jioni nyimbo zote zingepelekwa kiwandani kutengenezwa albamu.

Matagouri ilikuwa lebo ndogo ya muziki wa roki pale Dunedin, chumba kimoja juu ya duka la mikate. Graeme ndiye aliyekuwa bosi, karani na mfagizi. Alikuwa ametangaza gazetini kwamba anakusanya nyimbo ambazo vijana wa mji ule walirekodi vyumbani mwao miaka ya themanini na hazikutoka kamwe, azitie zote kwenye albamu moja. Mwenye kanda alete.

Noeline hakuwa na haja na albamu. Alimtaka mtu.

"Wewe unawajua wote walioimba mji huu," alimwambia Graeme kabla hata hajakaa. "Nitajie huyu anayeimba kwenye kanda yangu ni nani. Yeye ndiye anayejua mwanangu aliko."

"Kaa kwanza, Bi. Noeline. Chukua mkate wa jibini, bado wa moto."

"Sikuja kula."

"Haya. Sauti yake ikoje?"

"Nene. Ya kujikokota, kama mlevi."

Graeme akacheka. "Hapo umenitajia nusu ya mji."

Noeline hakucheka. Miguu yake haikutulia chini ya kiti.

Wakati ule binti yake, Bronwyn, alikuwa na miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Aliazima mashine ya kurekodi kwa rafiki yake, akajifungia nayo chumbani majuma mawili, akisema anatunga nyimbo. Mama yake, kila akipita mlangoni, alinyata na kutega sikio. Alisikia kopo la biskuti likigongwa kama ngoma, na minong'ono. Usingizi ukamhama.

Siku moja binti akiwa kazini, aliingia. Mashine akairudisha kwa mwenyewe, kwenye mvua, mikono ikimuuma kwa uzito. Kaseti akaitia kwenye redio ya jikoni. Mwanamume akaanza kuimba. Mwanamume, chumbani mwa mtoto wake, penye kitanda alichokitandika yeye mwenyewe.

Bronwyn aliporudi alikuta nguo zake zimefungashwa, begi liko kizingitini.

"Hakuna mwanamume, Mama."

"Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Ungeniachia ile mashine nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini zaidi? Chagua. Yeye au mimi."

Msichana alisimama kwenye baridi ile, kisha akalibeba begi. Barua hakuandika hata moja. Tangu hapo, kila mwanamume mwenye gitaa aliyepita mtaani, Noeline alimtazama kooni.

"Basi tuitie kwenye redio ile," alisema sasa, akiionyesha pale dirishani.

"Kanda kuukuu siitii kwenye redio, itatafunwa. Subiri kidogo." Graeme alikuwa ameinamia mashine bapa yenye vitufe vingi, akiivisha mpira mpya wa kuzungushia. "Wote walirekodia mashine ya namna hii. Walikuwa wakiazimana nyumba hadi nyumba."

Noeline aliitambua. Mikono yake ikaukumbuka uzito ule.

"Na nikikutajia jina," Graeme aliuliza bila kuinua kichwa, "utamfanya nini?"

"Nitampigia magoti. Aniambie tu kama mwanangu yuko hai. Mengine nimemsamehe."

Graeme akanyosha mkono. Aliipokea kaseti kwa vidole viwili, akaipangusa, akaitia ndani. Kwenye karatasi ya majina, mbele ya wimbo wa kumi na nne, palikuwa bado peupe.

"Mashine hizi zinakimbiza kanda kwa kasi mara mbili ya redio ya nyumbani," alisema, macho kwenye magurudumu yaliyoanza kuzunguka.

Noeline alifumba macho, amngoje yule mlevi.

Kopo la biskuti, lile lililokuwa likijikokota kwenye redio ya jikoni kwake, likatoka mbio. Gitaa likarukia juu yake. Kisha sauti ikaingia, nyembamba, safi, ile iliyokuwa ikiwapita wote katika kwaya ya kanisa kwenye ubeti wa mwisho.

Graeme alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akachukua kalamu.

"Hapa hakuna mwanamume, Bi. Noeline. Huyu binti niandike anaitwa nani?"